Anga ya Kitisuru: Historia Fupi ya Kuunda na Kurusha Droni Magharibi mwa Nairobi

Kitisuru ni kata ya eneobunge la Westlands, magharibi mwa Nairobi, mahali ambapo migongo ya ardhi inapishana na mabonde ya vijito kuelekea Kabete. Wakati wa ukoloni ardhi ya pande hizi ilitwaliwa na kugeuzwa mashamba ya kahawa ya walowezi, na baadaye mashamba hayo yakakatwa viwanja vikubwa vya makazi ya watu wenye uwezo. Historia ya ardhi hiyo imeandikwa mara nyingi, lakini historia ya anga iliyo juu yake haijaangaliwa sana, ingawa nayo ilikuwa na wenyewe na nayo imegombaniwa. Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani inayoongozwa kutoka ardhini, ndiyo iliyolileta gombano hilo hadi uani kwa mwananchi wa kawaida.

Tangu mwanzo, kuruka kwa ajili ya burudani kulikuwa starehe ya wachache. Klabu ya Urubani ya Afrika Mashariki iliundwa Nairobi mwaka 1927, na miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake linabebwa hadi leo na uwanja wa ndege wa Wilson, akaanzisha kampuni ya Wilson Airways. Ndege nyepesi za wakati huo zilimilikiwa na walowezi na matajiri, kwa kuwa bei ya chombo, mafuta na mafunzo ya urubani ilimweka mbali Mwafrika aliyefanya kazi ya kibarua katika mashamba ya kahawa ambayo ndege hizo zilipita juu yake.

Kilichobomoa ukuta huo wa gharama ni ufundi wa watu wa kujifurahisha. Ndugu Louis na Jacques Bréguet wa Ufaransa walijaribu chombo cha rafadha nne, yaani mapanga manne yanayozunguka ili kukiinua, mwaka 1907, lakini hakikuweza kutulia angani, na kwa muda mrefu kusawazisha nguvu nne kwa mkono wa binadamu kulibaki kazi ngumu. Suluhisho la bei nafuu lilipatikana karne moja baadaye, wakati jairoskopu, kihisi kinachopima mzunguko wa chombo, ilipopungua bei kutokana na kutumika katika simu na michezo ya video. Chris Anderson alianzisha jumuiya ya DIY Drones mwaka 2007, na kutoka humo ikazaliwa programu huria ya ArduPilot, ambayo yeyote angeweza kuichukua bure, kuisoma na kuirekebisha. Mafundi wengine walitoa vihisi katika rimoti za mchezo wa Wii wakaunda bodi za kuongozea zilizoitwa MultiWii. Bodi ya namna hii hupima mwinamo wa chombo mara nyingi kila sekunde na kuharakisha au kupunguza mwendo wa kila mota, huku rafadha mbili zikizunguka upande mmoja na mbili upande wa pili ili chombo kisijizungushe chenyewe.

Ujuzi huo uliikuta Nairobi ikiwa tayari. Kituo cha ubunifu cha iHub kilifunguliwa mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na karakana ya FabLab, na maduka ya vifaa vya elektroniki ya barabara ya Luthuli yalikuwa yameshalea vizazi vya mafundi wanaojua kulehemu waya. Mwaka 2013 kampuni ya DJI ya China ilitoa Phantom, droni inayouzwa ikiwa karibu tayari kuruka, na tangu hapo wanaoanza wamekuwa na njia mbili: kununua chombo kilichokamilika, au kukiunda kwa kuunganisha fremu, mota, bodi, betri ya lithiamu na kipokezi cha rimoti. Njia ya pili ni ndefu zaidi, ila ndiyo inayomzaa fundi, kwa sababu aliyeunda chombo chake hujua kukitengeneza kinapoanguka. Pia humfundisha mazingira yake: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, hivyo rafadha hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na betri huisha mapema.

Hata hivyo, mlango ulifungwa kabla haujafunguka vizuri. Mwandishi wa habari Dickens Olewe alikuwa ameanzisha mradi wa African SkyCAM wa kupiga picha za habari kwa droni, na Hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia ilikuwa imechangisha fedha ili droni zilinde vifaru. Lakini shambulio la kigaidi la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, lililotokea hapo hapo Westlands, liliifanya serikali kukitazama kwa hofu kila kitu kinachoweza kuruka bila kuonekana mwenyewe, na mapema mwaka 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ikatangaza kwamba hakuna atakayerusha droni bila idhini, ikiwemo ya Wizara ya Ulinzi. Kanuni zilizotungwa mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka 2018, na hatimaye kanuni mpya zikachapishwa mwaka 2020.

Kanuni hizo zinataka droni isajiliwe, mmiliki awe ametimiza miaka 18, chombo kisipande zaidi ya futi 400, sawa na takriban mita 120, kutoka ardhini, na kisikaribie watu, magari au majengo yasiyo ya mrushaji kwa chini ya mita 50. Kwa Kitisuru masharti haya ni mazito, kwa kuwa nyumba na nyaya za umeme zimejaa, na jirani yake ni Gigiri, yenye makao ya Umoja wa Mataifa na balozi zinazolindwa vikali.

Kitisuru haiwezi kuwa uwanja wa kurushia, lakini inaweza kuwa karakana. Zanzibar ilionyesha faida ya kuwaamini vijana tangu mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliposhirikiana na Kamisheni ya Ardhi kupiga picha visiwa vyao kwa droni na kutengeneza ramani zake. Kenya nayo ina mafundi. Basi kaunti, shule na wamiliki wa mashamba yaliyosalia pembezoni mwa jiji watenge viwanja vya kujifunzia vyenye waangalizi walioidhinishwa, ili kijana aunde droni yake nyumbani, airushe mahali halali, na sheria ya anga aijue mapema kama anavyoijua bodi aliyoilehemu kwa mikono yake.