Springi ya Kiti na Springi ya Mbele: Historia ya Baiskeli ya Kwenda Kazini Nairobi

Baiskeli iliyotawala barabara za Nairobi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 haikuwa na springi kwenye uma wa mbele, yaani kile chuma chenye miguu miwili kinachoshika gurudumu la mbele, na hilo halikuwa kosa la walioiunda. Ilikuwa ya muundo wa Kiingereza, ikiletwa kwanza na kampuni kama Raleigh ya Nottingham, kisha ikaja kwa wingi kutoka viwanda vya India kama Atlas na Hero, na Wakenya wakaiita Black Mamba, jina lililoendana na weusi wake. Uzito wake ulikaribia kilo 20, magurudumu yake yalikuwa ya inchi 28, breki zake zilivutwa kwa fito za chuma badala ya waya, na nyuma ilikuwa na keria iliyobeba chochote ambacho mwenyewe aliweza kukifunga kwa mpira.

Mshtuko wa barabara mbovu ulipunguzwa katika sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa tairi lenye hewa, ambalo John Boyd Dunlop alilibuni kwa ajili ya baiskeli mjini Belfast mwaka 1888, na ambalo hadi leo linafanya kazi kubwa kuliko kifaa kingine chochote cha kulainisha safari. Ya pili ilikuwa uma wenyewe, uliopindwa mbele kwa chini hivi kwamba chuma kilinesa kidogo kila gurudumu lilipogonga jiwe. Ya tatu ilikuwa kiti cha ngozi kilichokalia springi nene za mviringo. Mwendeshaji alilindwa pale alipokaa, na gurudumu likaachwa lishikwe na chuma kisicho na springi.

Mpangilio huo ulilifaa jiji lenye sura ya Nairobi. Mji ulioanza mwaka 1899 kama kituo cha reli kwenye ardhi tambarare yenye majimaji unapanda kadiri unavyoelekea magharibi, na Kangemi na Dagoretti ziko zaidi ya mita 100 juu ya katikati ya jiji. Mito nayo hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo anayetoka Westlands kwenda Kilimani kupitia Kileleshwa hushuka bondeni na kupanda tena upande wa pili. Wakati wa ukoloni, mitaa hiyo ilitengewa Wazungu, ilhali Dagoretti ilihesabiwa kuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, na baiskeli ikawa miongoni mwa vyombo vichache vilivyounganisha pande hizo mbili: ilibeba maziwa na mboga asubuhi, tarishi wa ofisi, mpishi na mtunza bustani, na baadaye sanduku la mikate lililofungwa nyuma, refu kumpita mwendeshaji kichwani. Kwa mzigo wa namna hiyo uma ulihitaji kuimarishwa, si kulegezwa, na ndiyo maana baiskeli nyingi za kazi ziliongezewa fito za chuma kila upande wa uma.

Springi ya mbele ilizaliwa kwingine kabisa, kwa haja nyingine. Baiskeli za milimani zilienea Marekani katika miaka ya 1980, na kampuni ya RockShox, iliyoanzishwa mwaka 1989, ikatengeneza uma wa hewa na mafuta kwa washindani waliokuwa wakishuka milima kwa kasi. Uma huo ulikuwa na springi iliyomeza mshtuko pamoja na mfumo wa mafuta ulioizuia springi isirudi kwa nguvu. Baiskeli za bei nafuu ziliiga umbo lake bila kiini chake: ndani yake kuna springi ya chuma na vipande vya mpira au plastiki tu.

Nairobi iliupokea uma huo wa kuiga pamoja na baiskeli za mitumba na zile mpya za bei ya chini. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na mizigo mingi, pamoja na abiria wa bodaboda, ikahama kutoka kwenye baiskeli. Aliyebaki juu ya baiskeli mara nyingi alikuwa mfanyakazi anayejisafirisha mwenyewe, naye akavutiwa na gia nyingi na miguu minene ya mbele iliyoonekana imara.

Fundi anayeufungua uma wa aina hiyo baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua hukuta vumbi jekundu la vichochoro vya magharibi limechanganyika na grisi, springi imeshika kutu na bushi za plastiki zimelika, kiasi kwamba gurudumu linacheza mbele na nyuma breki inaposhikwa. Kwa kawaida uma huo huwa na uzito wa zaidi ya kilo 2, takriban maradufu ya uma wa chuma usio na springi, na mwendeshaji anaposimama juu ya pedali kuupanda mlima, sehemu ya nguvu zake huishia kuibonyeza springi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa waliounda baiskeli mahsusi kwa barabara za Afrika. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, liliipa baiskeli yake ya Buffalo, ambayo hutumika pia Kenya, uma wa chuma usio na springi, matairi mazito na keria imara, kwa sababu kila sehemu inayocheza ni sehemu itakayohitaji fundi na kipuri. Sera ya kaunti ya Nairobi kuhusu usafiri usiotumia injini, iliyotolewa mwaka 2015, na njia za waenda kwa miguu na baiskeli zilizojengwa kando ya Ngong Road iliyopanuliwa zimepunguza haja ya kununua uma wenye springi, ingawa vichochoro vya mtaa wa Kawangware, upande huohuo wa magharibi, bado vina mashimo.

Anayepita kwenye mashimo hayo kila siku na ana fedha kidogo atafaidika zaidi na uma mgumu, matairi yenye upana wa karibu inchi 2 yasiyojazwa upepo kupita kiasi, na kiti kizuri, huku fedha inayobaki ikienda kwenye breki, kwa kuwa kurudi nyumbani ni kupanda lakini kwenda kazini ni kushuka.