Shule ya Pugu na Majengo Yake

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Pugu, akiupita uwanja wa ndege, hukuta nyumba zimefuatana hata vilimani. Zamani haikuwa hivyo. Pugu ilikuwa shamba na msitu, kilomita 20 hivi kutoka bandarini.

Wabenediktini wa Kijerumani walianzisha misheni huko mwaka 1888, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Hawakukaa sana. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakatekwa. Miaka mingi baadaye ndipo kiliposimama Pugu chuo cha Mtakatifu Fransisko.

Sifa kubwa ya chuo hicho ililetwa na mwalimu wa historia. Julius Nyerere, aliyerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alifundisha hapo, akakaa hapo pamoja na mkewe Maria. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 yeye alikuwa rais wake; akawa ateremka mjini kwa mikutano, mara nyingine kwa miguu, kisha arudi kushika chaki. Machi 1955 alisema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Aliporudi ilimbidi achague, ualimu au siasa, naye akajiuzulu mwezi ule ule. Ajabu ni kwamba sheria ya elimu ya mwaka 1969, iliyozifanya shule za misheni kuwa mali ya taifa, Pugu ikiwamo, ilikuwa ya serikali yake.

Je, majengo ya namna hii yalindwa na nani? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huikinga nyumba iliyojengwa kabla ya 1863. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao una kinga yake. Shule ya karne ya 20 hungoja tangazo la Waziri. Yaani mlango mmoja wapata heshima isiyopatwa na darasa zima!

Nyumba ambayo Mwalimu aliijenga Magomeni baada ya kutoka Pugu imekuwa makumbusho. Pugu haiwezi kufungwa hivyo, wala si haki ifungwe, maana vijana wangali wakisoma. Lakini shule itumikayo huliwa na matumizi yake: bati hubadilishwa, dirisha hupanuliwa, ukuta hubomolewa. Kila fundi hufanya la maana, na baada ya miaka michache hakuna ajuaye kilichokuwapo.

Waliokuwa vijana wa miaka 15 mwaka 1954 wamekwisha kupita miaka 80. Hao waulizwe sasa ni chumba kipi kilikuwa cha nani, na kabla fundi hajapanda juu ya paa, kila chumba kipimwe na kupigwa picha. Wanafunzi wa historia wa Pugu waweza kuifanya kazi hiyo wenyewe, kwa kamba, kalamu na daftari.