CM1: Mtihani unaowaangusha vigogo wa Hisabati

KILA mwaka vijana waliopata alama ya A katika Hisabati ya KCSE humiminika katika Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT, Strathmore na vyuo vinginevyo kusomea shahada ya sayansi ya aktuaria. Miaka minne baadaye huvaa joho, jamaa hupiga vigelegele, na kijiji kizima huambiwa kwamba mtoto wao sasa ni aktuari.

Sivyo. Shahada humpa kijana msingi wa taaluma, lakini jina la aktuari hutolewa na vyama vya wanataaluma baada ya msururu wa mitihani ya vyama hivyo vyenyewe. Baadhi ya masomo ya chuo kikuu huweza kumpatia mhitimu msamaha wa mitihani kadhaa ya mwanzo, almuradi alama zake zilikuwa za juu. Iliyosalia hana budi kuifanya. Aghalabu jambo hili humbainikia akiwa tayari ameajiriwa katika kampuni ya bima, ana kodi ya nyumba ya kulipa, na saa zake za kusoma zimekwisha kumezwa na kazi pamoja na misongamano ya magari ya asubuhi na jioni. Ni haki kuuliza kwa nini vyuo havimwambii hivyo siku ya kwanza anapojisajili.

Aktuari ni mtaalamu anayekadiria leo gharama ya mambo yatakayotokea miaka mingi ijayo: kifo cha mwenye bima, uzeeni kwa mfanyakazi, moto katika ghala la mfanyabiashara. Kazi yake ilizaliwa London. Katika miaka ya 1750, mwalimu wa hisabati James Dodson alikataliwa kujiunga na shirika la bima la Amicable kwa sababu alikuwa amevuka umri wa miaka 45. Badala ya kulalamika, aliketi akakokotoa jinsi ya kumtoza kila mtu kulingana na umri wake ili hata mzee apate bima. Alifariki mwaka wa 1757 kabla ya kuona matunda ya kazi yake, lakini mwaka wa 1762 kampuni ya Equitable iliasisiwa kwa misingi aliyoiweka, na ndiyo iliyoanza kumwita msimamizi wake mkuu ‘actuary’.

Humu nchini, watahiniwa wengi hufuata mitihani ya chama cha Uingereza kijulikanacho kama IFoA, kilichoundwa mwaka wa 2010 kwa kuunganishwa kwa chama cha London cha mwaka wa 1848 na kile cha Edinburgh cha mwaka wa 1856. Wengine hufuata mitihani ya chama cha Marekani, SOA. Wataalamu walioko nchini wana chama chao, Chama cha Maaktuari cha Kenya. Makala haya yatajihusisha zaidi na mtihani mmoja wa IFoA, CM1, kwa kuwa ndio mlango ambao wengi hukwama ndani yake.

CM1 ulianza mwaka wa 2019, silabasi ilipofanyiwa mageuzi. Kabla ya hapo palikuwapo mitihani miwili tofauti: CT1, uliohusu hesabu za riba na mikopo, na CT5, uliohusu hesabu za bima ya maisha. Mageuzi yaliifunga mizigo hiyo miwili katika furushi moja. Fauka ya hayo, yaliongeza karatasi ya pili inayofanywa kwa kompyuta, ambapo mtahiniwa hutakiwa kuunda majedwali ya hesabu katika programu ya Excel na kuyaeleza. Aliyezoea kushinda kwa kalamu na kikokotoo peke yake alijikuta ugenini.

Ugumu wenyewe uko wapi? Hebu tutazame mfano ambao msomaji yeyote aliyewahi kukopa ataufahamu.

Mtu anakopa Sh120,000 kwa riba ya asilimia moja kila mwezi, alipe kwa miezi 12 kwa kiasi kilicho sawa kila mwezi. Alipe shilingi ngapi? Mtahiniwa hutafuta thamani ya leo ya shilingi moja inayolipwa mwisho wa kila mwezi kwa miezi 12. Jibu ni Sh11.2551. Akigawa mkopo kwa kiasi hicho anapata Sh10,661.85 kwa mwezi. Katika malipo ya kwanza, Sh1,200 ni riba na Sh9,461.85 hupunguza deni. Mwezi wa pili deni limeshuka hadi Sh110,538.15, hivyo riba ni Sh1,105.38, na sehemu kubwa zaidi ya malipo huenda kwenye deni lenyewe. Mpaka hapo ni hesabu ya kawaida.

Sasa mtahini anageuza shilingi upande wa pili. Anasema mkopeshaji mwingine anatoza ‘asilimia 12 kwa mwaka’, ila riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata kama deni linapungua. Riba ni Sh14,400, jumla ya deni ni Sh134,400, na malipo ni Sh11,200 kwa mwezi. Swali: riba halisi ni kiasi gani? Hakuna fomula ya kulijibu moja kwa moja. Mtahiniwa hulazimika kukisia, kupima, kisha kukisia tena mpaka akaribie asilimia 1.79 kwa mwezi, yaani asilimia 21.5 hivi kwa mwaka hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba. Mkopo uliotangazwa kuwa wa asilimia 12 umegharimu karibu maradufu. Aliyekariri fomula ya swali la kwanza pasi na kujua ilikotoka hataweza kuanza swali la pili, na wakati huo saa inazidi kuyoyoma.

Nusu ya pili ya silabasi huongeza kifo. Vitabu vya mtihani hutumia jedwali la vifo liitwalo AM92, lililotokana na kumbukumbu za wanaume wenye bima nchini Uingereza kati ya 1991 na 1994. Kwa mujibu wa jedwali hilo, kati ya watu 9,856 waliofikisha miaka 40, wapatao 8,821 hufikisha miaka 65. Yaani uwezekano wa kufika ni asilimia 89.5. Tuseme kampuni inaahidi kumlipa mtu wa miaka 40 shilingi milioni moja akifikisha miaka 65, na asipofika asipate chochote. Kwa riba ya asilimia nne kwa mwaka, milioni hiyo ina thamani ya Sh375,117 leo. Tukiizidisha kwa uwezekano wa kuwa hai tunapata takriban Sh335,700. Ile tofauti ya zaidi ya Sh39,000 ni mchango wa wale ambao hawatafika.

Mwanafunzi akiielewa sentensi hiyo ya mwisho amevuka nusu ya safari. Maswali ya mtihani huanzia hapo kisha yakarundika mengine: malipo ya bima kila mwaka badala ya mara moja, fidia ikiwa mtu atafariki kabla ya wakati, kamisheni ya wakala, gharama za ofisi, faida inayotarajiwa, na akiba ambayo kampuni inapaswa kuwa nayo mwaka wa kumi. Kila kipengele ni chepesi kikiwa peke yake. Vikija pamoja katika swali moja lenye sehemu tano, kosa dogo la mwanzo husafiri nalo mpaka mwisho.

(Jedwali la Uingereza halifai kutumiwa kiholela Nakuru au Kisumu. Ndiyo maana sekta ya bima humu nchini iliandaa majedwali yake ya wenye bima, yakiwemo ya KE 2007-2010. Mtahiniwa atayakuta kazini, si katika chumba cha mtihani.)

Kuna ada pia. IFoA hutoza kwa pauni za Uingereza, hivyo shilingi ikidhoofika mtihani huwa ghali zaidi bila mtahiniwa kukosea lolote. Baadhi ya waajiri hulipia jaribio la kwanza na kumwachia mfanyakazi jaribio la pili. Ajira yenyewe wakati mwingine hufungamana na matokeo: anayefaulu hupandishwa mshahara, anayeanguka mara tatu huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Kosa kubwa la watahiniwa, hasa waliozoea kuongoza darasani, ni kusoma maelezo kama mtu anayesoma riwaya. Hupitia sura, hupigia mistari kwa kalamu ya rangi, hutazama jibu la mfano na kutikisa kichwa: ‘Hili nalifahamu.’ Kumbe kufahamu jibu lililokwisha kuandikwa na kuliandika mwenyewe kwenye karatasi tupu ni mambo mawili yaliyo mbali kama Lamu na Lokichogio. Dawa yake haipendezi. Funika jibu. Andika hatua zote. Ukikwama, kaa na swali hilo dakika kumi kamili kabla ya kufunua. Kisha, siku tatu baadaye, lirudie kuanzia mwanzo bila kutazama. Sehemu utakayokwama tena ndiyo usiyoijua.

Inafaa kuwa na daftari dogo la makosa. Lisiwe la fomula, kwa kuwa fomula nyingi zimo katika kitabu cha fomula na majedwali kilichotolewa mwaka wa 2002 kwa ajili ya mitihani hii, na mtahiniwa anapaswa kukizoea hadi ajue jedwali lipi liko wapi. Daftari la makosa huandikwa mambo kama: ‘Nilichukulia malipo yako mwisho wa mwaka, kumbe swali lilisema mwanzo.’ Baada ya mwezi mmoja, mwenye daftari huanza kuona kwamba hana makosa mia moja. Ana makosa manne au matano anayoyarudia kwa sura mbalimbali.

Karatasi za miaka iliyopita pamoja na ripoti za watahini hupatikana bila malipo katika tovuti ya IFoA. Wengi hupakua karatasi na kuziacha ripoti. Hapo wanajinyima. Ripoti hueleza watahiniwa walipopotelea, na lawama huwa ni zilezile: hatua hazikuonyeshwa, dhana hazikutajwa, swali liliulizwa hili likajibiwa lile. Kuonyesha hatua kuna faida kubwa, kwani anayekosea tarakimu moja mwanzoni lakini akaendelea kwa njia sahihi hupewa alama za njia. Aliyeandika jibu tupu lisilo sahihi hapati kitu.

Kuhusu muda, enzi za CT mtahiniwa alipewa saa tatu kwa alama 100, yaani chini ya dakika mbili kwa kila alama, na hata baada ya mageuzi uwiano huo haujabadilika sana. Swali la alama nane lililokula dakika 30 limeiba alama kutoka swali jingine. Mitihani ilipohamishiwa mtandaoni mwaka wa 2020 kutokana na janga la korona, wengi walishangilia kwamba wangefanya wakiwa na vitabu mezani. Waliotegemea kupekua kurasa waliishiwa na wakati kabla ya kufika maswali ya mwisho.

Miongoni mwa watahiniwa pamezoeleka kanuni ya saa 100 za masomo kwa kila saa ya mtihani. Hiyo si sheria, lakini husaidia kupanga. Karatasi ya saa tatu hudai saa 300. Mtu akianza mapema Oktoba kwa ajili ya mtihani wa Aprili ana takriban wiki 26, yaani saa 11 na nusu kwa wiki: saa moja na nusu kila alfajiri kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na saa nne Jumamosi. Anayeanza Januari atahitaji karibu maradufu ya hizo, na hapo ndipo likizo ya mwaka mzima, harusi za jamaa na usingizi huingia kwenye mnada. Wiki sita za mwisho zisiwe na sura mpya hata moja. Ziachiwe karatasi kamili zinazofanywa kwa saa, simu ikiwa chumba kingine, zikiwemo za Excel.

Njia ya SOA ina tabia tofauti. Mtihani wake wa kwanza wa uwezekano, P, una maswali 30 ya kuchagua jibu, kwa saa tatu. Huko hakuna alama za njia, hivyo kasi na usahihi ndivyo ngao. Pia hakuna adhabu ya kukisia, kwa hivyo swali lolote lisiachwe wazi. Maswali ya mazoezi yanayotolewa na chama hicho bila malipo ni mengi na yanamtosha anayeyamaliza yote kwa dhati.

Waliojaribu CM1 Aprili hupata matokeo takriban miezi mitatu baadaye, na mtihani unaofuata ni wa Septemba. Aliyeanguka hubakiwa na wiki nane au tisa pekee, na wengi hujisajili siku ileile kwa hasira. Kabla ya kulipa, heri aitazame alama yake. Aliyekosa kwa alama tatu au nne anaweza kuziba mapengo yake kufikia Septemba kwa kutumia daftari lake la makosa. Aliyekosa kwa alama 20 angefaidika zaidi kungoja Aprili, aanze Oktoba na sura ya kwanza, na Septemba hiyo aitumie kwa somo jingine jepesi ikiwa mwajiri anasisitiza.