Cheo Hakiandiki Programu

Vijana wetu wanaofanya kazi za kompyuta hunipa kadi zenye vyeo virefu: mhandisi mkuu, mtaalamu mwandamizi, mkurugenzi wa ufundi. Sina ugomvi na kadi hizo. Ila nikiitazama historia ya kazi yenyewe, naona ilianzishwa na watu wasiokuwa na cheo cha kutajika.

Mwaka 1945 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kilikuwa kikilijengea Jeshi la Marekani mtambo wa kupiga hesabu ulioitwa ENIAC. Ulikuwa na valvu zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Wanawake sita walichaguliwa kuuandalia kazi. Walitoka katika kundi la wapiga hesabu wa jeshi walioitwa "kompyuta", kwani wakati ule hilo lilikuwa jina la mtu, si la mashine. Katika ngazi za utumishi waliwekwa chini ya wataalamu. Kitabu cha maelekezo hakikuwapo; walijifunza kwa kusoma michoro ya mtambo.

Februari 1946 wageni waliitwa kuuona. Betty Snyder na Jean Jennings ndio walioandaa hesabu ya njia ya kombora la mzinga. Kombora lilihitaji sekunde 30 kufika. Mtambo ulitoa jibu kwa sekunde 20. Wageni walistaajabu. Jioni ikafuata karamu, na wanawake wale hawakualikwa.

Mwaka 1951 Snyder aliuandikia mtambo wa UNIVAC programu ya kupanga taarifa, na baadaye akashiriki kuunda lugha ya COBOL. Hata hivyo, wote sita walisubiri hadi 1997 ndipo wakapewa heshima rasmi kama waandaaji programu wa ENIAC.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini hiki kilikaa sokoni miaka 50 bila mnunuzi kumjua mwenye mali. Kwa hiyo sisemi cheo si kitu. Nasema kitolewe baada ya kazi kutazamwa.

Basi wewe mwajiri, weka kadi kando. Muulize kijana: uliandika programu gani, nani anaitumia, na ilipoharibika nani aliitengeneza? Akijibu vizuri, mpe cheo chake na mshahara wake. Na siku ya karamu, usisahau kumwalika.