Mlezi, Wasii, Msimamizi, Mdhamini: Historia ya Istilahi za Kutunza Mali ya Mtu Mwenye Ulemavu

Katika uandishi wa sheria na wa wosia yako maneno ambayo watumiaji huyachukua kuwa sawa, ilhali kila moja lina asili yake na athari zake. Miongoni mwa maneno hayo ni mlezi, wasii, msimamizi na mdhamini. Yote manne hutumiwa kumtaja mtu anayetunza mali kwa manufaa ya mwingine, hususa mwingine huyo anapokuwa mtu ambaye, kwa sababu ya maradhi au ulemavu wa akili, hawezi kuitunza peke yake. Makala haya yanakusudia kueleza maneno hayo yametoka wapi, na kuonyesha kwamba swali linaloyatenganisha ni moja tu: mali ni ya nani? Mfasiri au karani asiyejiuliza swali hilo aweza, kwa neno moja, kumpotezea mtu nyumba aliyoachiwa na wazazi wake.

Lugha ya Kadhi

Katika miji ya pwani, istilahi za jambo hili zilitoka kwanza katika fikihi ya madhehebu ya Shafii. Kitabu kimojawapo kilichotegemewa sana na makadhi ni Minhaj al-Talibin cha al-Nawawi, mwanachuoni wa Shamu wa karne ya 13. Katika fikihi hiyo watu wa namna tatu huzuiliwa kuitumia mali yao kwa ajili ya maslahi yao wenyewe: mtoto, mwenye wazimu, na yule ambaye Waarabu humwita safih, yaani mtu mzima asiyejua kuitumia mali kwa busara. Msimamizi wa mali ya mtoto, na ya mtu aliyebaleghe hali ana wazimu, huitwa walii. Walii wa kwanza ni baba. Akikosekana, ni babu mzaa baba. Kisha ni wasii aliyeteuliwa na mmoja wao. Na mwisho ni kadhi.

Mambo mawili yafaa yaangaliwe hapa. Kwanza, mali haihami. Mtu huzuiliwa kutenda, hazuiliwi kumiliki. Walii huuza na kununua kwa ajili ya mwenye mali, wala hana milki yoyote katika mali hiyo. Pili, kizuizi cha mwenye wazimu hudumu kadiri ya sababu yake: akili zikirejea, kizuizi nacho huondoka.

Maneno hayo yalipoingia katika Kiswahili cha kila siku hayakubaki na maana zake zote. Walii akawa zaidi mtu mtakatifu, au mwenye kumwoza mwanamke. Safihi akawa mtu fidhuli, mwenye kusema maneno machafu. Na yule mtumiaji mbaya wa mali akapata jina jingine, mbadhirifu. Wasii ndiye aliyesalimika, lakini kwa maana ya mtekelezaji wa wosia. Hivyo nafasi ya mtu anayesimamia mali ya aliye hai lakini haiwezi, ikabaki wazi. Neno lililoijaza ni mlezi.

Neno hili ni zuri, tena ni la Kibantu, lakini chanzo chake ni kitenzi kulea. Mlezi hulisha, huvisha, huuguza na hufunza. Katika asili yake hakuna habari ya hesabu, wala ya hati, wala ya kujibu mbele ya mahakama kwamba fedha zimekwenda wapi. Twapolitumia kwa mtu anayeshika mali, twampa mamlaka bila kumwonyesha wajibu.

Wakfu na Sadaka

Mfano ulio wazi zaidi wa hasara iletwayo na tafsiri ni historia ya wakfu. Katika sheria ya Kiislamu mafungu ya urithi yamekwisha pangwa. Wosia hauwezi kupita theluthi moja ya mali, na hauwezi kumnufaisha mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wengine. Basi mzazi mwenye watoto watano, mmoja wao akiwa hawezi kujitafutia riziki, hana njia ya wosia ya kumwongezea huyo mmoja bila ridhaa ya ndugu zake. Njia zilizobaki zilikuwa mbili: kumpa hiba wakati wa uhai, au kuweka wakfu nyumba au shamba ili pato lake limfae mtoto huyo na vizazi, na mwishowe maskini. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Katika madhehebu ya Shafii milki yake hurejea kwa Mungu, na wanaotajwa hupata manufaa tu. Kwa mtu asiyeweza kujilinda mbele ya mnunuzi mjanja au ndugu mwenye tamaa, kinga hiyo haikuwa ndogo.

Mwaka 1894 mahakama ya rufani ya dola ya Kiingereza, iliyokaa London, iliamua katika shauri kutoka Bengal kwamba wakfu wa aina hiyo haukuwa halali, kwa kuwa wanaonufaika kwanza ni jamaa wa mwenye kuweka wakfu, na fungu la maskini liko mbali mno. Kiini cha hukumu hiyo kilikuwa maana ya neno. Mahakimu walilipima wakfu kwa kipimo cha hisani ya Kiingereza, ambayo ni lazima iwafae watu wa nje. Wanavyuoni wa Kiislamu walikuwa wakisema kwamba kumtunza jamaa wako ni sadaka tena sadaka iliyo bora. Neno moja lilichukuliwa kuwa sawa na jingine, na sheria ikafuata kosa.

Huko India kosa hilo lilisahihishwa kwa sheria ya 1913. Huku Afrika ya Mashariki hukumu ya 1894 iliendelea kufuatwa, na katika shauri kutoka Mombasa lililochapishwa katika ripoti za 1952, mahakama ile ile ya London iliithibitisha. Kenya ilikuwa tayari imetunga sheria ya makamishna wa wakfu ya 1951 iliyokusudiwa kuuhalalisha wakfu wa jamaa. Yaani kwa zaidi ya nusu karne, njia ambayo wazazi wengi wangeweza kuitegemea kwa ajili ya mtoto asiyejiweza ilikuwa imezibwa, au ilikuwa ya mashaka.

Udhamini na Amana

Sheria ya Kiingereza nayo ilikuja na chombo chake. Katika chombo hicho milki hugawanyika: jina katika hati ni la mtu mmoja, manufaa ni ya mwingine, na mahakama humlazimisha wa kwanza aitumie mali kwa ajili ya wa pili. Mgawanyiko huu haukuwa na jina katika Kiswahili, na maneno mawili yaliazimwa ili kuutaja.

La kwanza ni mdhamini. Kwa asili mdhamini ni mtu anayejitia ahadi kwa deni au kosa la mwingine, kama yule anayemdhamini mshitakiwa ili aachwe nje. Leo neno hilo hilo hutumika katika bodi ya wadhamini ya shule, msikiti au kanisa, ambao hawamdhamini mtu yeyote bali wanashika mali. La pili ni amana, yaani kitu kilichowekwa kwa mtu mwaminifu kitunzwe na kurudishwa. Mabenki yamelichukua neno hili kwa fedha za wateja wao, ambazo kwa kweli ni deni la benki. Na katika Jamhuri moja ya Muungano maneno hayo mawili yamegawana kazi: Bara kuna Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa 2006, Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Zaidi ya hayo, Bara imehifadhi cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu, ambamo neno la kadhi limepata makazi katika ofisi yenye asili ya Kiingereza.

Tofauti hizi si za mapambo. Tuchukue sentensi ambayo yaweza kuandikwa na mzazi yeyote: “Nyumba yangu naikabidhi kwa mdogo wangu ili amlee mwanangu.” Je, nyumba imekuwa ya mdogo, naye ameombwa wema? Au imekuwa ya mtoto, na mdogo ni msimamizi tu? Au jina katika hati ni la mdogo na manufaa ni ya mtoto? Kitenzi kukabidhi chakubali maana zote tatu. Mdogo akifa, katika maana ya kwanza nyumba huenda kwa watoto wake. Katika maana ya pili na ya tatu hawana haki nayo. Nchini Tanzania mgogoro huzidi kwa kuwa mirathi huamuliwa ama kwa sheria ya Kiislamu, ama kwa sheria ya kimila iliyoandikwa 1963, ama kwa sheria ya India ya 1865. Hakimu hana budi kwanza kuchagua sheria, ndipo asome sentensi.

Jina la Mwenye Mali

Istilahi za mtunzaji haziwezi kutengwa na jina la anayetunziwa. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ya 1961, iliyofuata ile ya India ya 1872, haikumtaja mtu kuwa mwenda wazimu wa daima. Iliuliza kama, wakati wa kufanya mkataba, mtu aliweza kuuelewa na kupima faida na hasara zake. Mtu anayepotewa na akili mara kwa mara aweza kufanya mkataba wakati akili zake zimetulia. Lakini mazungumzo ya baraza hayakufuata uangalifu huo. Kichaa, punguani na taahira ni majina ya mtu mzima mzima, si ya hali yake ya saa fulani.

Kwa upande wa mwili, maneno ya zamani kama kilema, kipofu na kiziwi yalipingwa kwa sababu ya kiambishi ki-. Hoja hiyo haitoshi peke yake, kwani kiongozi na kijana nao wana kiambishi hicho. Hata hivyo, walioitwa hivyo ndio wenye haki ya kusema kinachowaumiza. Zilipotungwa sheria mbili za 1982, moja ya ajira na moja ya matunzo, neno lililokuwa likienea ni walemavu. Sheria ya 2010 ikaja na watu wenye ulemavu. Mabadiliko haya yana maana kwa mali: matunzo humtaja mtu anayepokea, haki humtaja mtu anayemiliki.

Uwezo wa Kisheria

Mjadala wa mwisho ulitokea katika Umoja wa Mataifa. Rasimu ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ilipopitishwa na kamati Agosti 2006, kifungu cha 12 kilikuwa na tanbihi iliyosema kwamba, katika Kiarabu, Kichina na Kirusi, uwezo wa kisheria una maana ya uwezo wa kuwa na haki, si uwezo wa kutenda. Kwa maneno mengine, mtu angeweza kumiliki nyumba bila kuruhusiwa kamwe kuiuza au kuipangisha. Tanbihi iliondolewa kabla Baraza Kuu halijaupitisha Mkataba Desemba 2006. Kenya iliuridhia 2008, na Tanzania 2009. Kifungu hicho kinataja wazi haki ya kumiliki na kurithi mali, ya kusimamia fedha zako, na ya kupata mikopo ya benki sawa na wengine. Mwaka 2014 kamati ya Mkataba ilifafanua kwamba yatakiwa mtu asaidiwe kuamua, badala ya mwingine kuamua kwa niaba yake.

Maneno uwezo wa kisheria katika Kiswahili yana udhaifu ule ule wa tanbihi iliyofutwa: hayasemi uwezo wa nini.

Mapendekezo

Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na kwa hiyo istilahi hizi si suala la kamusi peke yake. Twapendekeza yafuatayo.

1. Mlezi abaki kwa malezi ya mtu tu. Kwa mtoto, ulezi una ukomo wa miaka 18. Baada ya hapo mtu mzima mwenye ulemavu asiitwe mtoto wa mtu katika hati.

2. Msimamizi wa mali awe yule anayesimamia mali ambayo ni ya mwingine kwa jina na kwa manufaa.

3. Mdhamini wa mali awe yule ambaye jina lake limo katika hati kwa manufaa ya mwingine, na mwenye kumtolea mtu dhamana mahakamani aitwe mdhamini wa mshitakiwa.

4. Wasii abaki kwa wosia, na wakfu usifasiriwe kwa neno jingine lolote.

5. Uwezo wa kisheria uandikwe kwa ukamilifu: uwezo wa kuwa na haki na uwezo wa kuzitumia.

6. Kwa anayemsaidia mtu kuelewa na kueleza uamuzi wake, litumike msaidizi wa uamuzi, wala asiitwe mlezi.

Na yeyote anayemwandikia mzazi wosia, kabla hajatia neno kukabidhi, amwulize: nyumba hii, siku utakapokuwa hupo, itakuwa ya nani?