Nyani Wale Wale: Mpaka wa Koboko na Mbao za Kongo

Midia ipo wilayani Koboko, katika pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Wakakwa, ambao ndio wenyeji wa sehemu hizo, wamegawanywa na mipaka katika nchi tatu, ingawa lugha yao ni moja. Midia yenyewe haina msitu wa mvua. Ni nchi ya majani na miti iliyotawanyika. Msitu mkubwa uko ng'ambo, Ituri. Hata hivyo, habari za kuangamizwa kwa msitu ule hazielezeki bila kuitaja West Nile, kwa kuwa ni miongoni mwa njia ambazo mali ya Kongo imezipitia tangu zamani.

Wahenga walinena: msitu ni mpya, nyani ni wale wale. Mali ya kwanza ilikuwa pembe za ndovu. Tangu mwaka 1894 nchi hii, iliyoitwa Lado, ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alipofariki Desemba 1909, Wabelgiji walianza kujiandaa kuondoka, na serikali mpya ilikuwa haijafika. Wawindaji wa Kizungu wakaivamia Lado, wakaua ndovu bila ya kibali cha mtu. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado ikatiwa katika Uganda.

Mara ya pili ilikuwa dhahabu pamoja na pembe. Tarehe 4 Februari 1966, mbunge Daudi Ocheng alisimama Bungeni mjini Kampala, akamtuhumu Kanali Idi Amin, mzaliwa wa kabila la Wakakwa, na viongozi wengine, kuwa wamefaidika kwa mali iliyotoka Kongo wakati wa vita. Watuhumiwa walikanusha, na tume ya uchunguzi ikaundwa.

Mara ya tatu ikawa zamu ya miti. Majeshi ya Uganda yaliingia Kongo mwaka 1998, yakatoka mwaka 2003. Aprili 2001 jopo la wataalamu, lililoundwa kwa ombi la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lilieleza jinsi mbao za mashariki ya Kongo zilivyokuwa zikivushwa hadi Uganda. Tume ya Jaji David Porter, iliyoundwa Uganda mwaka huo huo, haikukubali kwamba serikali ilikuwa na mpango wa kupora, bali iliona kwamba baadhi ya maofisa wakuu wa jeshi walikuwa wamejiingiza katika biashara zisizowapasa.

Hapa yafaa tutazame maneno, kwani ndiyo kazi yetu. Mti ukiangushwa huitwa gogo. Gogo likipasuliwa huitwa mbao. Mbao ikipigwa muhuri huitwa bidhaa. Katika kila hatua jina la kwanza husahauliwa. Mwizi wa miti hahitaji kuificha mbao yake milele. Ahitaji tu kuifikisha kwa mtu mwenye muhuri aliye tayari kupokea chochote. Karatasi ikishaandikwa kwamba mbao zimenunuliwa upande huu wa mpaka, shina lililobaki msituni halina tena wa kulishuhudia. Ndivyo rushwa inavyofanya kazi: huanza kwa kuandika uongo katika daftari, na shoka hufuata.

Kongo ilipeleka mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilisema kwamba sera ya serikali ya kupora haikuthibitika, lakini Uganda inawajibika kwa uporaji uliotendwa na askari wake. Tarehe 9 Februari 2022 fidia ilipangwa kuwa dola milioni 325, na katika hizo milioni 60 zilikuwa za maliasili, mbao zikiwemo. Lakini dai la kuharibiwa kwa mazingira kutokana na ukataji wa miti lilikataliwa, kwa kuwa Mahakama haikupewa msingi wa kuupimia uharibifu huo.

Msomaji na alitafakari jambo hilo. Mbao ziliweza kuhesabiwa kwa kuwa zilikuwa mali; msitu haukuhesabika kwa kuwa hapakuwa na aliyeuandika ulipokuwa hai. Kivuli, mvua, dawa, asali na wanyama havikuwa na daftari.

Jambo hili halikuishia Ituri. Misaji iliyopandwa na Waingereza karibu na Yei, Sudan Kusini, nayo imekatwa na kuvushwa kwa magari. Na miti ya West Nile yenyewe imegeuzwa mkaa wa mijini.

Basi sisi walimu tuna kazi. Tunapofundisha majina ya miti, tusiridhike na wingi na umoja. Tumwulize mwanafunzi: mbao ya dawati lako ilikuwa mti gani, ulisimama wapi, na nani alitoa idhini ukatwe? Akijua kuuliza hayo, naye akaandika majina ya miti iliyobaki kijijini kwao, atakuwa ameanzisha daftari lililokosekana The Hague.