Uchungu Kwanza, Harufu Baadaye

Mbege ya Kilimanjaro hupata uchungu wake kwenye gome la msesewe. Kazi hiyo Wazungu huwapa hopsi, maua ya mmea utambaao.

Marekani ilifuta marufuku ya pombe mwaka 1933, lakini ruhusa ya kutengeneza bia nyumbani haikupatikana hadi Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria mwaka 1978. Miaka 45! Mimi sioni serikali ilichokuwa inaogopa.

Maana ni wapikaji hao wa nyumbani waliofungua njia. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vyao mjini Chico, California, alianza kiwanda cha Sierra Nevada mwaka 1980. Bia yake ya Pale Ale ilinukia Cascade, hopsi iliyotolewa mwaka 1972, yenye harufu ya balungi.

Siri iko kwenye saa. Hopsi ikichemka muda mrefu, uchungu hubaki na harufu hutoroka. Ikitiwa mwishoni, harufu husalia. Kwa hiyo wapikaji huanza na hopsi kali, Cascade huja mwisho. Anayechanganya aina tano kwa pupa, nasema, hatajua ipi imemharibia chungu.